Majirani Wanaponunua Dawa ya Magugu kwa Jumla

Mkulima anayeingia duka la pembejeo siku chache kabla ya mvua hukuta dawa ileile ya magugu imepangwa kwa vipimo tofauti: chupa ya robo lita, ya nusu lita, ya lita moja, galoni la lita 5 na, nyuma ya kaunta, dumu la lita 20. Dawa ni moja na kampuni ni moja, lakini bei ya kila mililita haifanani. Anayenunua robo lita hulipa zaidi kuliko wote kwa kila tone, na mara nyingi ndiye mwenye shamba dogo na mfuko mwepesi.

Hakuna uchawi hapo. Chupa ndogo nayo ina kifuniko, lakiri, lebo na gharama ya kuijaza, kama ilivyo chupa kubwa. Muuzaji wa reja reja naye anaongeza chake, maana katoni ilifunguliwa dukani kwake na chupa nyingine zitakaa rafuni mpaka msimu ujao. Mkulima mmoja mwenye ekari mbili hana la kufanya. Majirani kumi wenye ekari ishirini wana la kufanya: wanaweza kwenda kwa wakala wa mkoa au wilaya na kununua kwa bei ya jumla.

Utaratibu huu unazidi kuwavutia wakulima wa Afrika Mashariki kwa sababu gharama ya palizi inapanda. Mahindi huumizwa zaidi na magugu katika wiki sita hivi za mwanzo tangu yachomoze. Mmea ukisongwa wakati huo, mbolea itakayowekwa baadaye haiwezi kurudisha mavuno yaliyokwisha kupotea. Lakini wiki hizo hizo kila shamba la kijiji linahitaji palizi, vibarua wanagombaniwa na bei yao inapanda. Familia isiyo na fedha ya kibarua hutegemea mikono ya akina mama, na pengine ya watoto ambao wangepaswa kuwa darasani. Dawa ya magugu, ikitumika vizuri, hupunguza mzigo huo.

Ununuzi wa pamoja unaweza kuokoa fedha nyingi. Unaweza pia kuleta hatari ambayo chupa ndogo iliyofungwa kiwandani haina. Tofauti iko katika jambo moja: majirani wanagawana nini baada ya mzigo kufika kijijini.

Hesabu ya ekari ishirini

Tuchukue mfano wa hesabu tu, maana bei hubadilika kwa mji na kwa msimu. Majirani kumi wana ekari mbili mbili. Wamechagua dawa ambayo lebo yake inaelekeza lita 1.2 kwa ekari moja yenye magugu ya kawaida ya msimu. Kila mmoja anahitaji lita 2.4, wote kwa pamoja wanahitaji lita 24, yaani katoni mbili zenye chupa 12 za lita moja.

Tuseme rejareja lita moja ni shilingi 16,000, nusu lita ni 9,000, na nauli ya kwenda mjini na kurudi ni 4,000. Mkulima akienda peke yake atanunua chupa mbili za lita na moja ya nusu lita. Jumla ni 45,000, na kiasi kidogo kitabaki kwenye chupa nyumbani. Kikundi kikinunua katoni kwa bei inayofanya lita iwe 13,000, lita 24 zitakuwa 312,000. Ongeza 8,000 ya nauli ya watu wawili waliotumwa na 10,000 ya kusafirisha mzigo: jumla 330,000, sawa na 33,000 kwa kila kaya. Kila nyumba imebakiza 12,000, na kikundi kizima kimebakiza 120,000.

Tazama zilikotoka fedha hizo. Bei ya jumla imechangia sehemu kubwa, lakini nauli nayo imo, na imo pia dawa ya ziada ambayo isingetumika. Ndiyo maana kikundi kilicho mbali na mji hufaidika zaidi ya kilicho jirani na maduka.

Wazo lenyewe ni la zamani katika nchi hizi. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao, KNPA, chini ya uongozi wa Joseph Merinyo, na miongoni mwa mambo waliyohangaikia mwanzoni ni kupambana na wadudu na magonjwa ya kahawa. Chama hicho ndicho kilichozaa chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933. Karibu zaidi na siku zetu, Tanzania ilianza mwaka 2017 kuagiza mbolea kwa mfumo wa ununuzi wa pamoja, kwa hoja hiyohiyo: mnunuzi wa shehena kubwa ana sauti mbele ya muuzaji. Leo vikundi vya kuweka na kukopa na vyama vya ushirika vya wakulima, AMCOS, vina daftari, sanduku na viongozi tayari. Kikundi kipya cha dawa hakihitaji kuanza na mikono mitupu.

Namba zilizo kwenye lebo

Kabla ya kulinganisha bei, kikundi kijue kinalinganisha nini. Dawa nyingi za magugu huuzwa zikiwa nzito, za kuchanganywa na maji. Kitu kinachoua gugu huitwa kiambato hai. Vilivyobaki ni maji, sabuni ya kuifanya dawa ishike kwenye jani, na visaidizi vingine. Lita mbili zenye bei sawa zinaweza kuwa na viambato hai vya kiasi tofauti kabisa.

Mfano maarufu ni glaifoseti. Nguvu yake ya kuua magugu iligunduliwa mwaka 1970 na mkemia John Franz wa kampuni ya Monsanto ya Marekani, na mwaka 1974 ikaingia sokoni kwa jina la Roundup. Hati miliki ya Marekani iliisha mwaka 2000, na tangu hapo viwanda vingi duniani huitengeneza kwa majina ya kila aina. Wakulima wengi bado huita dawa hizo zote raundapu, hata kama chupa imeandikwa jina jingine.

Hapa ndipo wanunuzi wengi huchanganyikiwa. Chupa moja imeandikwa gramu 480 kwa lita, nyingine gramu 360 kwa lita, na muuzaji anasema ya 480 ina nguvu zaidi hivyo ni halali iwe ghali. Huenda ni dawa zenye nguvu ileile. Namba 480 mara nyingi hupima chumvi ya glaifoseti, na 360 hupima glaifoseti yenyewe iliyomo ndani ya chumvi hiyo. Anayelinganisha ahakikishe namba zote mbili zinapima kitu kimoja, kisha agawe bei kwa gramu. Dawa iliyo ghali kwa lita inaweza kuwa nafuu kwa ekari ikiwa kweli ina kiambato kingi na lebo inaelekeza kipimo kidogo.

Lakini namba ya kwenye lebo ina thamani pale tu ndani ya chupa kunapofanana na lebo. Utafiti uliofanyika Uganda na kuchapishwa mwaka 2019 ulipeleka maabara chupa za glaifoseti zilizonunuliwa kwenye masoko ya kawaida. Kwa wastani chupa ilikuwa imepungukiwa asilimia 15 ya kiambato hai, na asilimia 31 ya sampuli zilikuwa na chini ya robo tatu ya kiasi kilichoandikwa. Wakulima walioulizwa waliamini kuwa asilimia 41 ya dawa za magugu sokoni kwao ni feki au zimechakachuliwa. Bei ilihusiana na ubora, ila kwa kiasi kidogo: aliyelipa zaidi hakuwa na uhakika wa kupata dawa kamili.

Kwa mkulima mmoja mmoja, kumbana muuzaji ni kazi ngumu. Kikundi kina nafasi nzuri zaidi. Kinaweza kudai kuonyeshwa kibali cha biashara ya viuatilifu, ambacho nchini Tanzania husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, yenye makao makuu Arusha, na Kenya na bodi ya PCPB. Kinaweza kukagua namba ya usajili kwenye lebo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda, namba ya toleo la kiwandani, na lakiri chini ya kila kifuniko. Kinaweza kudai risiti yenye jina la dawa na idadi ya chupa. Dawa ikishindwa shambani, risiti na namba ya toleo ndivyo vitakavyompa afisa kilimo mahali pa kuanzia.

Usigawe dawa

Dumu la lita 20 ndilo kishawishi kikubwa. Bei yake kwa lita aghalabu huwa ya chini kuliko ya katoni, na watu kumi wakilitazama wanawaza kitu kimoja: kila mtu alete chupa yake amiminiwe. Inakuja chupa ya soda, ya maji ya kunywa, ya mafuta ya kupikia, hata kikombe cha jikoni cha kupimia.

Hapo ndipo watu hufa. Dawa iliyo kwenye chupa ya soda haina lebo, haina onyo, haina kifuniko kinachomshinda mtoto, na rangi yake inaweza kufanana na kinywaji. Mtu aliyetoka juani na kiu hainusi kwanza. Parakwati, dawa ya magugu inayounguza majani kwa muda mfupi, ni mfano wa kutisha kuliko yote: kiasi kidogo kikimezwa huharibu mapafu, na mpaka leo haina dawa ya kuitangua mwilini. Kwa sababu ya ajali za namna hiyo, watengenezaji waliamua kuitia rangi ya buluu, harufu mbaya na kitu cha kutapisha. Umoja wa Ulaya hauiruhusu tangu mwaka 2007.

Parakwati inafundisha jambo jingine kuhusu lebo. Ukanda wa rangi ulio chini ya lebo huonyesha ukali wa sumu: nyekundu kwa sumu kali sana, njano kwa ya kati, buluu kwa hafifu zaidi, na kijani kwa ile isiyotarajiwa kudhuru ikitumiwa inavyotakiwa. Kwa uainishaji wa Shirika la Afya Duniani, parakwati iko daraja la pili, la njano. Rangi isiyo nyekundu haimaanishi dawa inavumilika mdomoni.

Kanuni ya kimataifa ya maadili kuhusu viuatilifu, iliyopitishwa kwanza na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, mwaka 1985, inataka dawa isihamishiwe kwenye vyombo vya chakula au vinywaji. Sababu si kuwabana wakulima. Lebo ni sehemu ya dawa: inataja kipimo, mazao, vifaa vya kujikinga na huduma ya kwanza. Mtu akimeza au akimwagikiwa, apelekwe hospitali haraka pamoja na chupa yenye lebo, kwa kuwa daktari anahitaji kujua ni sumu gani. Chupa ya soda haimwambii kitu.

Kwa hiyo kikundi kina njia mbili salama. Ya kwanza ni kununua katoni za chupa ndogo zilizofungwa kiwandani na kugawana chupa nzima bila kufungua. Nafuu yake ni ndogo kidogo kuliko ya dumu, lakini kila nyumba inapata lebo na lakiri yake. Inafaa pale ambapo mahitaji ya kila mmoja yanalingana na chupa kamili.

Ya pili ni kugawana kazi badala ya dawa. Chombo kinabaki kimoja, kimefungwa na kutunzwa na mtu mmoja, na wapuliziaji wawili waliofundishwa wanakwenda nacho shamba hadi shamba kwa zamu iliyopangwa. Kila mwenye shamba anachangia kulingana na ekari zake. Hakuna dawa nzito inayolala chini ya kitanda cha mtu. Katika mfano wetu wa lita 2.4 kwa kaya, njia hii inatatua pia swali la nani abaki na nusu chupa: chupa iliyofunguliwa shamba la kwanza inamalizikia la pili.

Wapuliziaji wa namna hiyo si wazo geni. Katika nchi kadhaa za Afrika, mashirika ya viwanda vya viuatilifu yaliyo chini ya mwavuli wa CropLife yamefundisha vijana kutoa huduma ya kupulizia kwa malipo. Kijana mmoja aliyefundishwa, mwenye ovaroli, glavu ndefu za mpira, gambuti na kinga ya uso, ni nafuu kuliko kununulia vifaa hivyo nyumba kumi. Wakati wenye hatari zaidi ni wa kuchanganya, pale dawa nzito inapomiminwa. Watu wanaofanya kazi hiyo wakiwa wawili badala ya kumi, wanaokaribia hatari hiyo wamepungua.

Kupima kabla ya kuagiza

Makosa mengi ya ununuzi huanza kwenye kukisia ukubwa wa shamba. Ekari moja ni karibu mita za mraba 4,000. Shamba linaloitwa ekari mbili tangu enzi za babu huenda ni moja na robo, na kikundi kinachoagiza kwa majina ya zamani kitanunua dawa ya kumwaga. Kamba ya mita 50 na mchana mmoja hutosha kupima mashamba kadhaa yaliyo jirani.

Baada ya hapo mpuliziaji hupimwa na bomba lake. Pimeni kipande cha mita 10 kwa 10. Bomba la mgongoni lijazwe maji matupu mpaka alama inayojulikana, apulizie kipande hicho kwa mwendo wake wa kawaida, kisha ajaze tena mpaka alama ileile huku akipima kiasi alichoongeza. Ikiwa ni lita 2, ekari moja itahitaji mara 40 ya hapo, yaani lita 80, sawa na mabomba matano ya lita 16. Dozi ya lita 1.2 kwa ekari ikigawanywa kwa matano, kila bomba linapata mililita 240. Mpuliziaji mwingine mwenye hatua ndefu au nozeli iliyochakaa atapata jibu tofauti, na hiyo ndiyo faida ya kupima kila mmoja na bomba lake.

Maji yenyewe yana uzito katika hesabu hii. Glaifoseti hushikamana na chembe za udongo na kupoteza nguvu, kwa hiyo maji ya tope kutoka dimbwini huiua dawa kabla haijafika kwenye jani. Maji magumu yenye chokaa nyingi nayo huipunguza. Kikundi kinachookoa shilingi 12,000 kwa kaya kisha kikachota maji ya mtaro kimepoteza kilichookoa. Vivyo hivyo kwa mvua: dawa nyingi za glaifoseti zinahitaji saa kadhaa za ukavu, hadi sita hivi, baada ya kupuliziwa. Lebo ndiyo inayotoa muda kamili.

Si kila shamba linahitaji dawa ileile

Majirani wanaoagiza pamoja hujikuta wakishawishika kununua dawa moja kwa wote. Dawa za magugu ziko za makundi mawili makubwa. Glaifoseti na parakwati hazichagui: zinagusa kila jani la kijani, hivyo hutumika kusafisha shamba kabla ya mazao kuota, au katikati ya mistari kwa uangalifu mkubwa. Nyingine huchagua. Dawa ya 2,4-D, iliyoanza kuuzwa miaka ya 1940, huua magugu ya majani mapana na kuacha nafaka kama mahindi na mpunga. Upepo ukiipeleka kwenye pamba, nyanya au maharage ya jirani, itayanyonga mazao hayo. Atrazini inayotumika kwenye mahindi inaweza kubaki udongoni na kuyadhuru maharage ya msimu unaofuata, jambo zito kwa familia inayobadilisha mazao au kuyachanganya shambani.

Migomba inahitaji tahadhari ya pekee. Glaifoseti iliyogusa chipukizi husafiri ndani ya mmea na inaweza kufika kwenye mgomba mama. Mwenye migomba na kahawa pamoja, kama ilivyo kawaida kwenye vihamba vya Kilimanjaro na mashamba ya Kagera, huenda asihitaji kujiunga na agizo la glaifoseti kabisa; matandazo na jembe vinamtosha.

Kuna pia magugu ambayo dawa ya majani haiyatatui. Kiduha, ambacho Wajaluo wa Kenya hukiita kayongo, hunyonya mahindi kwa mizizi na kufanya uharibifu mkubwa chini ya udongo kabla ya kuonekana juu. Kukipulizia kikishatoa maua ni kuchelewa. Kwa ajili yake watafiti walitengeneza mbegu za mahindi zinazovumilia dawa ya imazapiri, zilizopakwa dawa hiyo kabla ya kupandwa. Ndago na sangari, ambazo huishi kwa vinundu na mizizi yake iliyo ardhini, huhitaji dozi kubwa zaidi kuliko kishona nguo cha msimu. Kongwa nayo inajulikana kwa ukaidi mbele ya glaifoseti. Kikundi kitembelee kila shamba na kuandika magugu yaliyopo kabla ya kuandika idadi ya katoni, na bora kiende na afisa ugani.

Wanachama wengi watauliza pia juu ya saratani, na swali hilo lina haki ya kujibiwa kikamilifu. Mwezi Machi 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka glaifoseti katika kundi la vitu ambavyo huenda husababisha saratani kwa binadamu. Mwishoni mwa mwaka huohuo Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema haielekei kuwa hivyo, na Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani lina msimamo unaokaribiana na huo. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya uliiruhusu kwa miaka mingine kumi. Taasisi hizo zilipima mambo tofauti: moja iliuliza kama kitu kinaweza kuleta saratani, nyingine ziliuliza kama kinaileta kwa viwango ambavyo watu hukutana navyo. Mkulima hana haja ya kungoja wataalamu wakubaliane ndipo avae glavu. Kadiri ngozi yake inavyokutana na dawa kidogo, ndivyo jibu lolote litakavyomwumiza kidogo.

Kiasi kinachoisha msimu huohuo

Bei ya jumla ina mtego wake: inamshawishi mnunuzi achukue zaidi kwa kuwa ni nafuu. Bara hili limelipia kosa hilo. FAO iliwahi kukadiria kuwa Afrika ilikuwa na takriban tani 50,000 za viuatilifu vilivyopitwa na wakati, vingi vikiwa vimeagizwa au kutolewa msaada kuliko mahitaji, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kwenye mpango wa kuvisafisha. Huko Vikuge, Kibaha, mkoani Pwani, shehena iliyoletwa kama msaada miaka ya 1980 iliwekwa kwenye banda la wazi. Banda liliporomoka, na watafiti waliochunguza baadaye walikuta udongo umechafuka kwa DDT. Dumu moja lililosahauliwa kwenye ghala la kikundi ni dogo sana mbele ya Vikuge, lakini linavuja kwa njia ileile.

Dawa nyingi zina muda wa miaka miwili hivi tangu kutengenezwa. Kikundi kinunue kinachoisha msimu huohuo, kitunze mzigo kwenye chumba kikavu chenye kufuli, mbali na mbegu, mbolea na chakula cha mifugo, na funguo ziwe kwa mtu anayejulikana. Chombo kikiisha kisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yamiminwe kwenye bomba na kupuliziwa shambani, kisha kitobolewe ili asipatikane mtu wa kuchotea maji. Dumu zuri la lita 20 linapendwa mno majumbani, na kulitoboa mbele ya wanachama wote huondoa mjadala. Kikundi kisiuze dawa kwa watu wa nje, kwani hapo kimegeuka duka, na duka la viuatilifu linahitaji kibali.

Kuagiza dawa ileile mwaka hadi mwaka kunazaa tatizo jingine. Mwaka 1996 Australia iliripoti nyasi zilizozoea glaifoseti, na tangu hapo aina nyingi za magugu sugu zimeonekana duniani, Afrika Kusini ikiwemo. Kijiji kizima kikitumia dumu moja la aina moja kila msimu, magugu machache yanayonusurika ndiyo yanayotoa mbegu. Kubadilisha kundi la dawa, kupanda mazao funika kama fiwi au kunde, na kung'oa kwa mkono yaliyobaki kabla hayajachanua huvunja mzunguko huo, na aghalabu hupunguza idadi ya lita zinazohitajika.

Glaifoseti huanza kuonyesha manjano kwenye majani baada ya wiki moja hivi, na magugu ya kudumu huchukua wiki mbili au tatu kufa. Huo ndio wakati wa wanachama kupita mashamba yote pamoja wakiwa na daftari: ekari zilizopuliziwa, lita zilizotumika, gugu lililobaki na mahali lilipo. Shamba lililobaki na ndago litaandikiwa dozi ya magugu ya kudumu. Lililosafishika linaweza kurudishwa kwenye jembe na kunde. Idadi ya katoni za msimu ujao inatoka kwenye kurasa hizo, kabla mtu yeyote hajapanda basi kwenda mjini.